Ndege mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, njia ya Boma Ng'ombe kwenda Chemka: ni nani huyu?

#1 Mtembezi_Hai

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kumtambua ndege. Leo asubuhi, barabara ya vumbi ya kutoka Boma Ng'ombe kwenda Chemka, kabla ya kufika Rundugai: kichwa cheusi, kifua cheupe, mkia mrefu mweusi. Ametua kileleni mwa mgunga. Picha ya simu imetoa kivuli kitupu, mbingu nyeupe na ndege mweusi tii. Kunguru si yeye, ni mdogo sana kwa kunguru. Nani anamfahamu?

#2 Kijenge77

Mbwigu huyo, yule ndege mdogo mwindaji. Kila waya wa umeme Arusha una wake. Uzi ufungwe.

#3 Darubini_Tengeru

Usifungwe bado. Mbwigu inawezekana kabisa, lakini mbwigu yupi? Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kuna watatu wakazi wa mwaka mzima wenye kichwa cheusi na kifua cheupe, na mleta uzi hajatupa hata kitu kimoja cha kuwatenganisha. Halafu weusi, weupe na mkia mrefu havimilikiwi na mbwigu peke yao.

Tuanze kwa kuwaondoa wasiohusika. Fumbwe dume (Vidua macroura) ana mdomo mwekundu unaoonekana kwa mbali, mwili mdogo kuliko wa shomoro, na mkia wa nyuzi nne nyembamba zinazopepea. Kama mdomo ulikuwa mweusi, ametoka. Yule mweusi mwenye mkia mrefu wa Tarangire na Serengeti (Urolestes melanoleucus) ana tumbo jeusi, kwa hiyo kifua cheupe kinamtoa. Kipwe wa bustanini, mwenye mstari mweupe bawani na kifua chenye rangi ya waridi kwa mbali, hakai kileleni. Kazi yake ni kujificha ndani ya kichaka huku akiitana na mwenzake kwa sauti kama kengele. Na yule anayetingisha mkia juu chini kwenye paa na kando ya mfereji anatembea ardhini, hatui juu ya mti wa miiba akatulia.

Sasa Mtembezi jibu haya. Pale ambapo hukuona andika "sikuona". Ukikisia utatupoteza wote.

Mgongo: mweusi wote, wa kijivu wote, au mweusi juu na kijivu kuelekea mkiani? Mabegani kuna mistari miwili myeupe inayokutana mgongoni kama herufi V? Mkia: mwembamba au mpana, una nyeupe pembeni? Unauzidi mwili kwa urefu au unalingana nao? Mdomo: rangi na umbo la ncha. Alikuwa peke yake? Alikuwa anafanya nini? Jua lilikuwa upande gani wako?

#4 Mtembezi_Hai

Asante mkuu. Mdomo mweusi, mnene kiasi, ncha imepinda chini. Mgongo ni mweusi kuanzia shingoni, halafu kiunoni, pale mkia unapoanzia, ni majivu. V sikuona, na mmoja alinipa mgongo muda mrefu tu. Walikuwa watatu, kila mmoja kileleni mwa mti wake ila miti imekaribiana. Walikuwa wanapiga kelele ya kukwaruza huku wakiyumbisha mikia. Mmoja alishuka ardhini, akaokota kitu, akarudi juu. Akiruka anaonyesha doa jeupe bawani. Mkia mrefu kweli, mpana kidogo. Mmoja ana doa la kahawia ubavuni, chini ya bawa. Jua halikuwepo, wingu tupu.

#5 Darubini_Tengeru

Sasa tunazungumza. Hao ni mbwigu mkia-mrefu, Lanius cabanisi. Nieleze kwa nini, maana jina bila sababu halimsaidii mtu atakayekutana na ndege mwingine kesho.

Mbwigu wa kawaida, yule wa Kijenge77 (Lanius humeralis, vitabu vya zamani vinamweka chini ya Lanius collaris), ana mgongo mweusi na V nyeupe mabegani. V hiyo haifichiki. Kwenye waya wa umeme utaiona hata bila darubini. Mkia wake ni mwembamba, na ukingoni una nyeupe inayojitokeza anaporuka au anapopanua mkia kutua. Urefu wake kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia ni kama sentimita 22, na mkia unachukua karibu nusu. Anaishi peke yake au wawili, na jirani akiingia kwenye eneo lake anafukuzwa.

Mkia-mrefu anafika karibu sentimita 30. Mkia wake unazidi mwili, ni mpana, ni mweusi karibu wote. Mabegani hana V. Mgongo unaanza mweusi na kuishia kijivu kiunoni, kama ulivyoandika. Na tabia yake ndiyo muhuri: wanakaa kwa makundi ya ukoo, wanakwaruza kwa pamoja, wanayumbisha mikia huku na huku. Mbwigu wa kawaida watatu wakiyumba mikia kwa amani juu ya miti mitatu iliyokaribiana, hiyo haipo.

Doa jeupe bawani liweke pembeni, wote watatu wanalo. Doa la kahawia ubavuni ni la jike, nalo pia halitenganishi aina, linatenganisha jinsia tu.

#6 Kijenge77

Nina swali la haki. Kasema mwenyewe wingu tupu, mbingu nyeupe nyuma. Kwenye mwanga huo V nyeupe si inaweza kupotea? Na hiyo "majivu" kiunoni, mbwigu wa kawaida naye kiunoni ana kijivu. Tunamtambua ndege kwa kitu ambacho hakikuonekana?

#7 Darubini_Tengeru

Swali zuri, na ndiyo mahali watu wengi wanateleza. Mwanga wa nyuma unaua rangi kwa utaratibu: kwanza kijivu kinakuwa cheusi, kisha kahawia inapotea, mwisho mipaka ya nyeupe inaliwa. Kwa hiyo kijivu kilichoonekana kwenye mwanga mbaya ni ushahidi mzito kwamba kipo, maana mwanga ulikuwa unajitahidi kukificha, ingawa kama ulivyosema peke yake hakiwatenganishi hawa wawili. Kijivu ambacho hakikuonekana si ushahidi wa lolote.

V ni hivyo hivyo lakini kwa kiasi. Ndege akiwa juu na wewe chini, unamtazama tumbo, na V imekaa mgongoni. Hapo kutoiona hakumaanishi kitu. Ila Mtembezi ameandika kwamba alipewa mgongo muda mrefu. Mgongo mweusi wenye V nyeupe ukiwa umekugeukia ni mojawapo ya vitu rahisi kuona porini.

Hata hivyo sikutegemea V peke yake. Umbo halibadiliki na mwanga, na kivuli kitupu kinatosha kupima umbo. Mtembezi, ile picha mbaya unayo bado?

#8 Mtembezi_Hai

Ninayo, mbili. Nikiziongeza zinakuwa kivuli chenye mkia.

#9 Darubini_Tengeru

Kivuli chenye mkia ndicho ninachotaka. Tafuta ile ambayo ndege amekaa ubavu, si ya kukutazama wala ya kukupa kisogo, maana mkia ukielekea kwako au mbali nawe unaonekana mfupi. Ipanue mpaka ndege ajaze kioo. Chukua rula ya mwanafunzi, uiweke juu ya kioo. Pima A, ncha ya mdomo hadi pale ncha za mabawa yaliyokunjwa zinapofunika mwanzo wa mkia. Pima B, kutoka hapo hadi ncha ya mkia. Milimita za kwenye kioo hazina maana zenyewe, unachotaka ni uwiano.

B ikikaribiana na A au ikipungua kidogo, rudi kwa mbwigu wa kawaida. B ikizidi A waziwazi, mkia-mrefu. Tahadhari moja: mkia mfupi haumalizi kesi. Ndege anayebadilisha manyoya anaweza kuwa na mkia nusu, na kinda aliyetoka kiotani juzi mkia wake haujakamilika. Mkia mrefu ndio usioweza kughushiwa. Kwa hiyo kipimo kikikataa, tutaendelea kubishana. Kikikubali, Kijenge atatununulia chai.

#10 Mtembezi_Hai

Picha ya pili, amekaa ubavu: A milimita 41, B milimita 52. Nimepima tena, inarudi hiyo hiyo.

#11 Kijenge77

Chai ipo. Ila nauliza jambo moja zaidi kwa faida ya wengine: eneo halikutosha toka mwanzo kusema ni yupi?

#12 Nyanda_za_Sanya

Niingie hapo, kwa sababu eneo linasaidia lakini haliamui. Mbwigu wa kawaida anapenda juu, kwenye mvua na mashamba: Arusha mjini, Tengeru, Usa River, migomba ya Machame na Marangu. Mkia-mrefu ni wa chini na pakavu, kwenye migunga na vichaka vilivyotawanyika. Upande wa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambako ni mita 890 hivi kutoka usawa wa bahari, na kushuka kuelekea Chemka, ni kwao kabisa. Lakini mashamba ya umwagiliaji yanamleta wa kawaida chini, na kwenye njia ile ya Rundugai unaweza kupita mahindi mabichi na mgunga mkavu ndani ya mita 200. Huko lolote linawezekana, ndiyo maana mgongo na mkia vinatangulia ramani.

Mtembezi hakuuliza kuhusu wa tatu, ila atamkuta tu akibadilisha njia. Mbwigu wa Taita (Lanius dorsalis) ni wa nyanda kavu: upande wa Longido, magharibi mwa Kilimanjaro, na Mkomazi. Kofia nyeusi inashuka hadi kisogoni, kisha mgongo wa kijivu safi, V nyeupe ipo, na mkia ni mfupi kwa mbwigu. Huyu ndiye anayechanganywa zaidi na wa kawaida, kwa sababu wote wana V. Mtazame katikati ya V: ndani yake kukiwa na weusi, wa kawaida, kukiwa na kijivu, Taita.

Hapo hapo kuna mtego wa msimu. Kuanzia Machi hadi Aprili anapita mgeni anayerudi Ulaya na Asia kutoka kusini mwa Afrika, Lanius minor. Naye ana mgongo wa kijivu na mabawa meusi. Tofauti iko kichwani: mgeni ana barakoa nyeusi inayopita machoni na kupanda hadi kwenye paji la uso, lakini utosi ni wa kijivu. Taita utosi wote ni mweusi. Na mgeni aliyekomaa ana rangi ya waridi hafifu kifuani wakati huo wa mwaka. Sasa ni Agosti, kwa hiyo mgeni hayumo kwenye hesabu hata kidogo. Ukimwona ndege wa namna hiyo Agosti, ni Taita mpaka itakapothibitishwa vingine.

#13 Mama_Migomba

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Mimi niko Machame. Kuna ndege wa kahawia-kijivu ana mistari midogo ya mawimbi kifuani, mdomo umepinda, anakaa juu ya nguzo ya ua. Jirani anasema ndiye anayechukua vifaranga. Naye ni mbwigu? Na mbona si mweusi?

#14 Darubini_Tengeru

Marahaba mama. Kwa maelezo hayo ni kinda wa mbwigu wa kawaida. Makinda yao wana mgongo wa kahawia-kijivu wenye mawimbi membamba, na mawimbi hayo yanaenda hadi ubavuni. Hata hivyo, mtazame mabegani: V inaonekana tangu utotoni, ila kwa rangi ya maziwa yaliyochacha badala ya nyeupe kali. Ukisubiri kidogo utaona mzazi mweusi na mweupe akija kumlisha, na hapo umemtambua bila kitabu.

Kuhusu vifaranga, mbwigu anaonewa. Mzima mwenyewe ana gramu 40 hivi, haachani sana na kifaranga cha siku moja. Anakula panzi, mende, mijusi midogo, na mara nyingine makinda ya ndege wadogo viotani. Hana miguu ya mwewe ya kubebea. Nguvu yake iko mdomoni. Ndiyo maana anachoma windo kwenye mwiba au kwenye seng'enge, ili mwiba ushike huku yeye anachana. Ukiona panzi au mjusi amechomekwa kwenye seng'enge, umekutana na ghala lake. Anayechukua vifaranga tafuta juu angani: mwewe mwenye mkia uliopasuka kidogo mwishoni, au kipanga anayepita chini chini kwa kasi kati ya migomba.

#15 Mama_Migomba

Panzi kwenye seng'enge nimewaona. Asanteni, nitamwambia jirani amwache.

#16 Usariver_Kamera

Mimi nichangie upande wa picha, maana "kivuli kitupu" ndilo tatizo la kila mtu hapa Kaskazini miezi hii ya baridi, wingu linapokaa hadi saa nne au saa tano.

Simu inapima mwanga wa mbingu yote, inaona nyeupe kubwa, inapunguza mwanga, na ndege anakuwa mweusi. Gusa kioo pale penye ndege ili simu ipime hapo, kisha usipoona tofauti sukuma kile kitufe cha jua kwenda juu hadi mbingu iungue kabisa. Mbingu iungue, haina kazi. Unachotaka ni rangi ya mgongo. Kinyume chake, asubuhi ya jua kali ndege wa kifua cheupe anaungua yeye. Hapo shusha mwanga mpaka uone mistari ya manyoya kifuani.

Usivute kwa vidole kupita kiwango cha lenzi halisi. Simu nyingi zikipita hapo zinakuza picha kwa kukisia, na zinachora manyoya ambayo hayapo. Afadhali picha ndogo ya kweli. Ukiwa na darubini, weka lenzi ya simu kwenye kioo cha kutazamia cha darubini, uzungushe vidole viwili kuziba mwanga wa pembeni, kisha sogeza taratibu hadi duara jeusi litoweke. Darubini ya 8x42 ni rahisi zaidi kuliko 10x kwa kazi hii: inayokuza mara 8 haitikisiki sana na duara lake ni pana, na hiyo 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, ndicho kinachokupa mwanga asubuhi ya wingu.

Piga mfululizo akiwa anaruka, hata kama zote ni ukungu. Mkia unafunguka, doa la bawa linaonekana, kiuno kinafunuliwa. Kati ya picha ishirini mbaya mara nyingi iko moja yenye jibu.

La mwisho, la usalama. Ukiwa karibu na uzio wa KIA au kambi yoyote, usiinue kamera yenye lenzi ndefu. Maelezo ya "natafuta mbwigu" yatachukua saa nyingi kueleweka.

#17 Mtembezi_Hai

Hahaha, nimesikia. Wakuu, kuna programu ya kutambua ndege kwenye simu, inasaidia?

#18 Nyanda_za_Sanya

Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ni ya bure. Inasaidia ukijua inavyofikiri.

Kabla hujatoka nyumbani pakua pakiti ya ndege wa eneo letu ukiwa kwenye Wi-Fi, maana ni kubwa na Rundugai kuna sehemu mtandao unakatika. Ikishaingia inafanya kazi bila mtandao. Njia ya maswali inakuuliza mahali, tarehe, ukubwa, rangi kuu hadi tatu, na ndege alikuwa anafanya nini. Kosa linaloharibu majibu ni kuchagua rangi za vipande vidogo. Kwa ndege wako chagua nyeusi na nyeupe, ukiongeza kijivu orodha itasogea. Doa la kahawia la ubavuni usiliweke, litakuletea ndege wa kahawia.

Orodha inapangwa kwa kufuata kumbukumbu ambazo watu wameingiza kwenye eBird, daftari la mtandaoni la ndege walioonwa. Hapa kwetu kumbukumbu nyingi zinatoka hifadhini na kwenye njia za watalii. Kijiji ambacho hakuna aliyewahi kuingiza orodha kinaonekana kama hakina ndege. Kwa hiyo mpangilio wa juu chini usiuamini sana. Shuka hadi mwisho wa orodha, fungua kila picha inayofanana, tazama mgongo.

Njia ya picha ni nzuri ukikata picha hadi ndege ajaze fremu. Kwa makinda na kwa vivuli inababaika. Njia ya sauti ichukulie kama mtu anayekunong'oneza pendekezo; nenda ukamwone ndege. Na ukitaka kulinganisha sauti mwenyewe, tovuti ya xeno-canto ina rekodi nyingi za bure, tafuta kwa jina la kisayansi. Kurekodi: elekeza simu kwa ndege, simama tuli, nusu dakika bila kuongea wala kukanyaga majani.

Ombi: usimchezee ndege sauti yake kwenye spika ili atoke. Mara moja ukiwa mbali si neno kubwa, lakini kurudia rudia kunamtoa kwenye kiota na kumfanya apigane na mpinzani asiyekuwepo.

#19 Kijenge77

Na sisi tusiotaka programu? Daftari bado linafaa?

#20 Darubini_Tengeru

Linafaa kuliko programu, kwa sababu programu inakuuliza baada ya ndege kuondoka, daftari linakulazimisha uangalie akiwa bado yupo. Ila kuna mpangilio. Watu wanaanza na rangi ya kifua kwa sababu ndiyo inayowatazama. Anza na vitu ambavyo hutaviona tena akiruka: mgongo, kiuno, mkia. Kisha kichwa: utosi, mstari wa jicho, mdomo. Miguu ukibahatika. Kifua na tumbo mwisho, hivyo utavikumbuka tu.

Ukubwa uandike kwa ndege unaowajua, si kwa sentimita za kukisia. Shomoro ni sentimita 14 au 15, tetere ni karibu 25, kunguru wa shingo nyeupe anakaribia 50. Andika "mwili kama shomoro mnene, mkia juu yake", inatosha. Kuna udanganyifu wa kawaida: ndege aliye peke yake kileleni dhidi ya mbingu anaonekana mkubwa, na aliye ndani ya majani anaonekana mdogo. Msubiri mwingine unayemjua atue karibu naye.

Chora. Yai la mwili, duara la kichwa, fimbo ya mkia, kisha paka weusi pale ulipoona weusi. Mchoro mbaya wenye V au usio na V una thamani kuliko sentensi tano.

Andika pia amekaa wapi na anafanyaje. Kutua kileleni, kushuka ardhini, kurudi pale pale ni tabia ya mbwigu wote. Kurukia hewani, kunasa kitu na kurudi ni ya keremkerem, mramba na wala-nzi. Kupanda shina la mti ni ya kigogota. Tabia inaweza kukupa familia kabla hujaona rangi yoyote.

#21 Longido_Road

Kwa kuwa uzi umefika nyanda kavu, niombe kitu kuhusu vipozamataza, wale ndege wadogo wa ardhini. Kwenye nyanda za Engikaret, kati ya Meru na Kilimanjaro njia ya Namanga, wote naona ni kahawia tu wanakimbia. Yule adimu wa pale anatambulikaje?

#22 Nyanda_za_Sanya

Chersomanes beesleyi. Hapatikani kwingine duniani isipokuwa eneo hilo la majani mafupi, na wamebaki wachache. Mbinu ya mbwigu haifanyi kazi hapa, rangi zote zinafanana na udongo. Angalia mkao: anasimama wima, shingo juu, mkia mfupi sana, mdomo mrefu uliopinda kidogo, miguu mirefu kwa mwili wake. Anapendelea kukimbia kuliko kuruka. Kipozamataza mwenye kofia nyekundu (Calandrella cinerea) ana utosi wa kutu na mabaka ya kutu ubavuni mwa kifua, mwili umelala zaidi. Wale wadogo wanene wanaoinuka kwa makundi, dume akiwa na uso mweusi wenye shavu jeupe, ni Eremopterix leucopareia, na hao ndio wengi.

Nenda na mwenyeji wa Kimaasai anayejua mahali, umlipe. Gari libaki njiani. Wanataga ardhini kwenye majani mafupi, na tairi moja nje ya njia linatosha kuondoa kiota. Ukiweka picha yake mtandaoni, usiweke alama kamili ya kiota.

#23 Mtembezi_Hai

Basi wangu naweza kumwingiza eBird kama Lanius cabanisi? Picha ni kivuli, nisije nikakataliwa.

#24 Darubini_Tengeru

Mwingize. Mahali uweke pale ulipomwona, usiweke "Chemka" kwa sababu ndiyo inayojulikana. Kilomita chache pale zinabadilisha mimea. Idadi tatu. Muda na umbali uliotembea viandike vya kweli, na orodha iwe ya ndege wote uliowatambua njiani, pamoja na kunguru na shomoro. Kama ulimwandika huyo mmoja tu, weka alama kwamba orodha si kamili.

Kwenye maelezo nakili haya, yanatosha kwa mkaguzi: "Watatu, vileleni mwa migunga iliyokaribiana, wanakwaruza na kuyumbisha mikia. Mgongo mweusi kuishia kijivu kiunoni, mabegani hakuna nyeupe, ulionekana kwa nyuma muda mrefu. Mkia mpana, mrefu kuliko mwili, umepimwa kwenye picha 52 kwa 41. Mmoja ana doa la kahawia ubavuni. Wingu, mwanga wa nyuma."

Pakia na kivuli chenyewe, kile cha ubavu. Usikikate sana, acha na tawi lionekane.

#25 Mtembezi_Hai

Imeingia. Jumapili ijayo napita njia ile ile, nikianza saa kumi na mbili na nusu. Kijenge, chai ya Boma Ng'ombe stendi inatosha.